Laki sita yangu na miezi mitatu ya kujifunza kukodi hapa Tanga

Toka niweke picha ya cheti kwenye stetasi simu haipumziki, huyu anauliza vipi ile butikampu (kozi ya haraka ya kuandika programu za kompyuta) inalipa, yule anauliza nimpeleke mdogo wangu, mwingine anataka kujua kama ukimaliza unapewa laptopu (hupewi). Nimechoka kujibu mmoja mmoja bas naandika hapa mara moja. Jina la chuo siliweki, nna sababu zangu, na haya ntakayosema yanamfaa yeyote anaetaka kwenda kujifunza kutengeneza programu kwa miezi mitatu, awe Tanga, Dar au kokote aliko.

Mimi kabla ya hapo nilikuwa na stesheneri yangu Ngamiani, natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Kompyuta siiogopi. Ila kuitumia na kuiandikia programu ni vitu viwili, sawa na kula wali na kupika wali. Huko kuandika programu wenye fani wanasema "kukodi", kutoka neno la Kiingereza "code", na bibi yangu nilipomwambia naenda kujifunza kukodi miezi mitatu akashangaa, akaniuliza kwani baiskeli ya babu yako ina nini mpaka ukakodi.

Ada laki sita, unalipa kwa awamu tatu. Hiyo laki mbili ya kwanza niliuza printa ya akiba.

Chumba chenyewe kiko ghorofani, meza nzuri tu, feni mbili na moja inazunguka pale inapojisikia. Umeme ukikatika projekta inazima na somo linazima nalo. Jenereta ipo, nimeiona kwa macho yangu, mafuta yake ndo sikuwahi kuyaona. Intaneti tulikuwa watu 22 kwenye ruta moja kwa hiyo ikifika saa nne asubuhi kila mtu anajiunga bando lake kimya kimya, hesabu hiyo kwenye ada hawakwambii, mimi kwa mwezi ilinila si chini ya elfu thelathini. Na laptopu uje nayo. Kuna wawili walikuja bila, wakawa wanachangia moja, wa pili yake kazi kutazama bega la mwenzie, mwezi wa pili hakuonekana tena. Zuri ni kwamba ukishuka ngazi tu unakutana na mama wa vitumbua, na chai yake ile ina tangawizi ya kukuamsha hasa.

Sasa masomo. Wiki mbili za mwanzo HTML na CSS (za kujenga na kupamba ukurasa wa mtandao), nne JavaScript (lugha ya kuufanya ukurasa ufanye kazi), tatu React (zana ya JavaScript ya kujengea kurasa), tatu za mwisho databesi (ghala la taarifa) na Node (ya kuendesha JavaScript nje ya kivinjari) na mradi wa kumalizia. Kwenye karatasi inapendeza sana. Ila jamani JavaScript, mtunzi wake Brendan Eich aliiandika ile ya kwanza kabisa kwa siku kama kumi tu mwaka 1995, na ina vituko vyake hadi leo, si ya kuijua kwa wiki nne wakati nusu ya darasa bado wanaichanganya na Java ambayo ni kitu kingine kabisa, wamefanana majina tu.

Na namna ya kufundisha ndo shida yangu kubwa. Mwalimu wa siku za wiki anaandika, projekta inaonyesha, sisi tunanakili. Umesahau kufunga mabano, kitu hakifanyi kazi, unanyoosha mkono, anakuja, anachukua kibodi yako, tap tap tap, "haya tayari", anaondoka. Umefurahi, kitu kinafanya kazi, ila ukiulizwa kilikuwa na nini hujui na kimeponaje hujui. Wiki ya tano nilikuwa nna kikokotoo, nna orodha ya kazi za siku, nna ukurasa wenye picha ya ufukwe wa Raskazone na batani inayobadilisha rangi, na watu wote darasani walikuwa na vitu hivyohivyo mpaka rangi ileile ya bluu. Nikarudi nyumbani usiku nikafungua faili tupu nikasema ngoja nitengeneze kitu changu mwenyewe. Sikuweza hata mstari wa kwanza. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa, nikafunga laptopu nikaenda kulala na hasira zangu.

Kitu kingine, Git. Hii ndo inayotunza historia ya kazi yako, ukiharibu leo unarudi kwa jana, Linus Torvalds aliitengeneza 2005 na sidhani kama kuna ofisi ya maana ya programu utakayoingia usiikute. Sisi tulipewa saa moja, tena Ijumaa mchana watu wanawaza kwenda kuswali. Matokeo yake jamaa mmoja wa Pongwe alikuwa na mafaili yanaitwa mradi_mwisho, mradi_mwisho_kweli, mradi_mwisho_kweli2, yote kwenye laptopu moja, siku moja kamwagia chai. Wiki tatu za kazi. Yule kaka hakulia ila alikaa kwenye ngazi muda mrefu sana.

Mpaka hapo mngeniuliza ningesema usiende, kanunue cherehani.

Ila kulikuwa na Jumamosi. Kwenye tangazo lao hawakuiandika kabisa, ilikuwa hiari, na wengi walikuwa hawaji, tulikuwa tunakuja sita au saba. Anakuja kaka mmoja ambae anafanyia kazi kampuni ya nje kwa mtandao huku anaishi hapahapa Tanga, sijui walikubaliana nae nini na wenye chuo. Huyu bwana hagusi kibodi yako. Anatembea mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Unamwita, "kaka hii haifanyi kazi," anakwambia soma. Nimesoma. "Soma kwa sauti." Unasoma yale maandishi mekundu yanayotokea programu ikiwa na kosa, kwa sauti, Kiingereza chako kile cha kuungaunga, darasa linakusikia. "Inasema mstari wa ngapi?" Wa 43. "Sasa mbona unahangaika na wa 12?"

Yani kitu kidogo hivyo. Miezi miwili nilikuwa naona wekundu naogopa nafunga, kumbe yale maandishi yalikuwa yananielekeza mpaka mlangoni.

Halafu alikuwa na chupa ya chai, ile ya kijani ya maua. Ukikwama kabisa anaiweka mbele yako anasema mweleze chupa programu yako inafanya nini, mstari kwa mstari, usiruke. Siku ya kwanza tulicheka sana. Wenzetu huko ulaya wanatumia bata wa plastiki, wana jina lake kabisa hiyo kazi, ila wallahi inafanya kazi, ukifika mstari wa saba unasema "hapa nachukua jumla ya... eh, ngoja," na chupa haijajibu neno. Dada mmoja aliiambia ile chupa asante.

Mradi wangu wa mwisho niliamua kumtengenezea shangazi daftari la madeni. Shangazi ana duka la vyakula Makorora, unga, mchele, mafuta ya kupima, na nusu ya mtaa wanamdai Mungu na yeye anawadai wao. Mwalimu wa siku za wiki alitaka wote tufanye duka la mtandaoni la viatu, lenye kikapu na picha. Yule wa Jumamosi akasema kafanye la shangazi, nikaenda.

Siku ya kwanza naenda kumuonyesha. Fomu yangu ina kisanduku cha jina la kwanza na kisanduku cha jina la mwisho, kama nilivyonakili darasani. Nikamwambia shangazi nitajie mteja.

"Mama Asha."

"Jina la mwisho?"

"We mtoto, si ndo hilo."

Na Mama Asha wako watatu! Kuna wa gengeni, kuna mrefu, na kuna wa kwa fundi baiskeli. Nikafuta visanduku vyote viwili nikaweka kimoja, nikakiandika "unamjuaje". Hicho ndo kisanduku anachokipenda mpaka leo, mtu mmoja kamuandika "yule wa ahadi".

Tukaendelea. Mama Asha mrefu ana deni la 5000, kaja kachukua mchele wa 3000, shangazi kaandika, kabonyeza, jumla ikaja 50003000. Milioni hamsini na elfu tatu. Shangazi akavua miwani akaivaa tena. Akasema, "Mwanangu, huyu akilipa nafunga duka nahamia Raskazone."

Nilijua kabisa hesabu yangu iko sawa maana nilikuwa nimeandika alama ya kujumlisha, ndo ile ile. Jumamosi nikamweleza chupa. Kumbe kitu kinachotoka kwenye kisanduku cha fomu kinakuja kama maandishi hata ukiandika tarakimu, na JavaScript ukijumlisha maandishi inayabandika tu moja baada ya jingine, 5000 kisha 3000. Ukitoa inatoa vizuri, ukijumlisha inabandika, si nilisema ina vituko. Unatakiwa uigeuze kwanza iwe namba.

Nikasema haa, nimejua, kila kitu nigeuze namba. Nikageuza na namba za simu.

Hapo sasa. Namba ya simu yetu inaanza na sifuri, tarakimu kumi. Ukiifanya namba ya hesabu sifuri ya mbele inaondoka, maana kwenye hesabu haina kazi (Excel inafanya ujinga huohuo, nimeuona sana stesheneri, mtu analeta orodha ya wanachama wa kikoba namba zote zimekatwa kichwa). Na mimi kwenye kutuma meseji za kukumbusha deni nilikuwa nimeandika: kata tarakimu ya kwanza, weka 255. Nikijua ninayokata ni sifuri. Sifuri ilishaondoka zamani, kwa hiyo nilikuwa nakata saba. Meseji hata moja haikufika, na mimi siku nne nalaumu mtandao.

Kaka wa Jumamosi alinisikiliza mpaka mwisho akaniuliza swali moja, "ushawahi kujumlisha namba za simu mbili ukapata ya tatu?" Nikasema hapana. "Bas hiyo si hesabu, hilo ni jina limeandikwa kwa tarakimu."

Nimelipa laki sita na nikiulizwa nilichonunua ntasema hiyo sentensi. Maana kuanzia siku hiyo kila kitu nakitazama hivyo kabla sijaandika chochote, hii ni nini hasa kwa mwenye nayo, si inafananaje. Hela ya shangazi ni hesabu. Simu ni jina. Mama Asha si jina la kwanza wala la mwisho.

Nikadhani nimeiva. Nikarekebisha simu, nikaweka sehemu ya saa ya kutuma meseji, shangazi achague mwenyewe. Tena nikajisifu maana sava nyingi (kompyuta za mbali zinazoendesha programu) zinafuata saa ya kule Greenwich na sisi tuko mbele masaa matatu, hilo nililijua, nikaiweka sava isome saa ya Dar es Salaam vizuri kabisa. Shangazi akaandika 2:00. Saa mbili asubuhi, watu wameshaamka, wanakunywa chai, ndo wakati mzuri wa kukumbushwa deni.

Kompyuta 2:00 yake ni saa nane ya usiku.

Watu kumi na wanne wakaamshwa saa nane usiku na meseji "Ndugu mteja unakumbushwa deni lako." Alfajiri shangazi anabishiwa hodi, mzee mmoja kasimama na elfu nne mkononi, anahema, kadhani kuna msiba anachangishwa. Simu yangu ililia mpaka ikazima. Na cha ajabu siku hiyo hiyo wakalipa tisa, shangazi jioni akanipigia akaniambia hebu usiiguse kwanza. Niliigusa. Sasa hivi haandiki namba, anachagua asubuhi, mchana, jioni au usiku halafu saa yake ya Kiswahili, na programu inafanya hesabu ya masaa sita kwa siri yake.

Hakuna somo hata moja kwenye zile wiki kumi na mbili lililogusa jambo hilo, na sishangai, masomo yamenakiliwa kwa watu ambao saa yao inaanza usiku wa manane.

Mnauliza nani alifanikiwa. Tulianza 22 tukamaliza 13. Kulikuwa na dogo mmoja mkali, vidole vinakimbia kama cherehani, kila zoezi kamaliza kabla mwalimu hajakaa, yeye na ChatGPT (ile programu ya akili bandia unayoiuliza inakujibu) ni damu moja. Mimi siipingi, naitumia hata leo asubuhi nimeitumia. Ila Jumamosi moja alikuja, kaka akamwambia futa mstari huu kichwani, usiuguse, niambie programu itafanya nini. Kimya. Akaulizwa mwingine. Kimya. Hakurudi Jumamosi nyingine. Na kulikuwa na mama mmoja alikuwa anafundisha hesabu Muheza, anakuja na basi kila siku, mzito kuandika, vidole viwili tu, watu wakimcheka chini chini. Huyu alikuwa na daftari la makosa. La karatasi. Kila kosa anaandika tarehe, lilisema nini, nilidhani nini, kumbe nini. Mwezi wa tatu tukawa tunapanga foleni kwake badala ya kumuita mwalimu. Katika wale 13 ninaowajua wana kazi ya kuandika programu ya mshahara ni watatu, na yeye ndo wa kwanza kupata. Mimi napata vibarua, saiti ya lodji hapa, mfumo wa stoo pale, stesheneri sijaifunga.

Kwa hiyo lile bango lao la "ajira ya uhakika" lifutwe. Na si Tanga peke yetu, huko Marekani butikampu hizi zilikoanzia ilikuwa hivyohivyo, ile Dev Bootcamp ya San Francisco iliyofungua njia 2012 kila mtu akaiga, 2017 ikatangaza inafunga. Wiki kumi na mbili zinakufikisha getini, kuingia ndani ni kazi nyingine.

Kuna watakaosema mbona vya bure vipo. Vipo kweli, tovuti ya freeCodeCamp ipo toka 2014, CS50, kozi ya kompyuta ya chuo kikuu cha Harvard, unasoma yote mtandaoni bila kulipa senti, na nikiwa mkweli vimepangwa vizuri kuliko hivi tulivyofundishwa. Nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza niliishia wiki ya pili, mara ya pili wiki ya nne, Kiingereza kizito, bando linaisha, na mteja anakuja "nitolee kopi mbili". Hakuna anaekuuliza umefika wapi. Kama we ni mtu wa kujisukuma mwenyewe laki sita yako kanunulie laptopu nzuri na bando, tafuta wenzio wawili mkutane mahali mara moja kwa wiki muonyeshane makosa. Kama ni kama mimi, unahitaji kuamka uvae shati uende mahali, bas lipa, lakini usilipe awamu ya kwanza kabla hujaomba ukae darasani siku moja bure. Wakikataa ondoka. Wakikubali, usitazame projekta, tazama mikono ya mwalimu mwanafunzi akikwama, iko kwenye kibodi ya nani. Na omba namba za watu watatu waliomaliza mwaka jana, uwapigie mwenyewe, si wale wa kwenye bango.

Nyota zangu: jengo na umeme nyota mbili, masomo ya siku za wiki nyota mbili na nusu, Jumamosi nyota tano, na nimesikia yule kaka kapata mkataba mkubwa hana muda tena wa kuja, kama ni kweli kaeni na laki sita zenu mpaka wapate mtu wa namna ile.

Shangazi jana kanipigia tena. Anataka kwenye daftari paongezwe sehemu ya ahadi, mteja akisema "ntalipa Ijumaa" aandike, na meseji iende Ijumaa. Nikamwambia sawa shangazi, hiyo rahisi, tarehe tu. Nikamuuliza, sasa mtu akisema Ijumaa, tuandike Ijumaa ipi?

Alicheka mpaka simu ikakatika. Bado sijaanza kuiandika.